Usonji: Jirani Naye Aingie Darasani

Mei 1945, Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto kutoka Baltimore, alifika kwenye shamba moja katika jimbo la Mississippi, Marekani, kumjulia hali mtoto wa miaka 11 aitwaye Donald Triplett. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amechapisha makala kuhusu watoto 11 waliokuwa na hali ambayo tiba ya wakati ule haikuwa imeipa jina. Donald ndiye aliyeelezwa wa kwanza. Hali hiyo leo tunaiita usonji, kwa Kiingereza autism: hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na anavyoihisi dunia.

Wazazi wa Donald walikuwa wamemkabidhi kwa mke na mume waliolima shamba la kukodi, kama maili kumi kutoka nyumbani kwao. Hawakuwa madaktari wala walimu. Lakini walikuwa wamemsoma mtoto. Alipozama kwenye vipimo, kila kitu anataka kujua urefu na kina chake, wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaletea taarifa ya kina kilipofika. Alipohesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka, hawakumkataza. Walimkabidhi plau akawa anahesabu huku analima. Siku ile Kanner alimtazama akilima mistari sita mirefu, akimgeuza farasi kila anapofika mwisho wa mstari, bila taabu. Baadaye aliandika kwamba busara ya wenyeji wale ilimstaajabisha.

Donald aliishi hadi Juni 2023, akafariki akiwa na miaka 89. Alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi ya karani wa benki, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri peke yake hadi nchi za mbali. Alizeeka katika mji uleule mdogo wa Forest alikozaliwa, katikati ya watu waliomjua tangu utotoni. Waandishi wa habari walipomfuata uzeeni walikuta mji mzima umejipanga kama ukuta mbele yake: baadhi ya wenyeji waliwaonya wazi wasije wakamdhuru.

Mwaka 1971 Kanner aliwafuatilia wale watoto 11 ili kujua wameishia wapi. Waliopelekwa kwenye hospitali kubwa za serikali walikuwa wamefifia. Vipaji alivyoviona kwao walipokuwa wadogo vilikuwa vimezimika mapema, na yeye mwenyewe aliandika kwamba kuingizwa humo kulikuwa sawa na hukumu ya kifungo cha maisha. Donald naye nusura apite njia hiyo. Alipokuwa na miaka mitatu alipelekwa kwenye taasisi kwa ushauri wa madaktari, akakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka wazazi wake walipokwenda kumtoa.

Mtu anaweza kuisoma habari hii akaridhika: kumbe watu wema wapo, kumbe upendo unatosha. Mimi naisoma tofauti. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Familia ya Donald ilikuwa na benki. Walikuwa Wazungu katika Mississippi ya enzi za ubaguzi wa rangi, jina lao likiheshimiwa na kila aliyepita mtaani. Mtoto mwingine mwenye hali ileile, wa familia isiyo na jina, katika mji huohuo, asingepewa subira ile. Forest ilimtendea Donald haki, lakini haki inayogawiwa kwa kufuata jina la baba ni bahati, na bahati haiwezi kuwa mpango wa kuwatunza watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 alikuwa na usonji. Ukijumlisha hali nyingine zinazosababisha ulemavu wa ukuaji, ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2023 ilizungumzia watoto na vijana milioni 317. Hatuwezi kuwatafutia wote hawa wakulima wawili wenye busara. Ila kile ambacho wakulima wale walikifanya kwa silika, watu wengine wanaweza kufundishwa.

Ninaposema kufundishwa sina maana ya kuhamasishwa. Kila Aprili 2 tangu mwaka 2008 dunia inaadhimisha Siku ya Uelewa wa Usonji. Majengo yanawashwa taa za buluu, watu wanavaa fulana, hotuba zinatolewa. Sizibezi siku hizo. Kuna mzazi anayelisikia jina la hali ya mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye hotuba kama hizo, na hilo si dogo. Lakini kujua kwamba usonji upo na kujua la kufanya pale unapokutana nao ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chukua basi lililojaa. Mvulana wa miaka kumi ameketi sakafuni katikati ya viti, ameziba masikio kwa viganja, anatoa sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake. Mama yake amechuchumaa pembeni, mkoba ungali begani. Redio inaimba. Abiria wa mbele anageuka kuuliza mtoto ana nini. Wa nyuma anasema apewe maji. Mmoja, mwenye moyo mwema kuliko wote, anainama na kumshika bega: "Nyamaza mwanangu, nyamaza, basi." Mtoto anampiga kofi. Sasa basi zima linaongea kwa pamoja, na sauti ya mtoto inapanda.

Hakuna mtu mbaya ndani ya basi hilo, na ndiyo maana mfano huu unaniumiza. Kila mmoja alifanya kile tulichojifunza sote tangu wadogo kuhusu kumliwaza mtu: msogelee, mguse, mtazame usoni, ongea naye. Kwa mtoto ambaye kelele, mwanga na msongamano vimeshamzidi, kila kimoja kati ya hivyo ni mzigo juu ya mzigo. Yule abiria mwema hakukosa huruma. Huruma yake ilipita kwenye njia ambayo kwa mtoto huyu haipitiki. Watu wengi hawalijui hilo, na hawatalijua kwa kusoma bango.

Kinachosaidia ni kidogo na kinafundishika. Dereva azime redio. Waliosimama karibu wasogee, wageuze macho yao kwingine. Aongee mtu mmoja tu, naye ni mama. Mwenye kutaka kusaidia amuulize mama swali moja, "Nikusaidie nini?", kisha afanye hilo aliloambiwa, lisizidi. Halafu watu wasubiri. Mtoto hadeki. Anayedeka huchungulia kama unamtazama. Huyu hana habari na mtu yeyote, anachotaka ni dunia ipungue kelele. Mambo haya unaweza kuyaeleza kwa robo saa. Kazi kubwa ni kuyazoesha mwili, kwa sababu wakati wenyewe ukifika mkono unakwenda begani kabla akili haijakumbuka somo.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la mafunzo ya namna hii, nikaona zoezi ambalo sijalisahau. Washiriki walikaa wawili wawili. Mmoja anamuuliza mwenzake swali jepesi, kisha anahesabu kimoyomoyo hadi kumi bila kuongeza neno, bila kurudia swali, bila kumsaidia mwenzake kujibu. Sekunde kumi tu. Wengi hawakufika sita. Walicheka, wakarudia swali kwa maneno mengine, wakajibu wenyewe. Mwezeshaji aliwarudisha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kuna watu wengi wenye usonji au ulemavu wa akili ambao jibu lao linachukua muda huo kutoka, na kila unaporudia swali kwa maneno mapya unawalazimisha kuanza upya. Kwa hiyo kila siku wanahesabiwa kuwa hawana jibu, kumbe hawakupewa nafasi ya kulitoa. Mshiriki mmoja aliinamisha kichwa muda mrefu. Aliposimama alisema ana ndugu ambaye kwa miaka yote amekuwa akimjibia.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwa miongo mingi tulichukulia kwamba mawasiliano yakivunjika kati ya mtu mwenye usonji na mtu asiye nao, kosa ni la mwenye usonji, basi yeye ndiye apelekwe kufundishwa: afundishwe kutazama watu usoni, kusalimia, kutulia. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alilipinga wazo hilo. Alisema kutoelewana kuna pande mbili. Mwenye usonji anapata shida kumsoma asiye na usonji, ni kweli. Lakini na huyu wa pili naye hamsomi wa kwanza, ila yeye hakuna anayempeleka kliniki. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Catherine Crompton walilipima jambo hili kwa kupitisha hadithi kwenye minyororo ya watu wanane, kila mmoja akimsimulia anayefuata. Minyororo ya wenye usonji watupu iliifikisha hadithi vizuri sawa na ya wasio na usonji. Iliyochanganya makundi mawili ndiyo iliyopoteza zaidi. Mwaka 2025 timu hiyo ilirudia kwa kundi kubwa zaidi, watu zaidi ya 300, na safari hii hata mchanganyiko haukuleta tofauti. Kwangu tafiti hizi mbili zinakubaliana kwenye lililo muhimu: uwezo wa kupokea na kufikisha ujumbe wanao. Mazingira yakitulizwa, uwezo huo unaonekana. Kwenye basi hauonekani, na basi ni letu sote.

Yapo mafunzo yaliyokwisha kutungwa kwa umakini, na yanastahili kujulikana zaidi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ulemavu au ucheleweshaji wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Yalitungwa yaendeshwe na watu wasio wataalamu, baada ya wao wenyewe kufundishwa na kusimamiwa. Mlezi anajifunza kutumia shughuli zilizopo nyumbani, kuoga, kuvaa, kucheza, kama nafasi za mawasiliano. Anajifunza kuona mapema kinachomvuruga mtoto. Na vipo vipindi vya afya ya mlezi mwenyewe, jambo ambalo programu nyingi hulisahau. Mzazi hapaswi kusubiri jina la hali ya mwanawe kutoka kwa daktari ndipo aanze.

Jaribio jingine lilifanyika Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Watoto 65 walishiriki, na waliozifundisha familia walikuwa wahudumu wa ngazi ya jamii, si wataalamu. Mhudumu anamrekodi mzazi akicheza na mwanawe dakika chache, kisha wanaketi pamoja kuitazama video. Anaisimamisha pale ambapo mtoto aligeuza kichwa kidogo, au alisukuma kigari upande wa mama, na kumuuliza mzazi: hapa umeona nini? Mara nyingi mzazi hakuwa ameona, alikuwa anashughulika kumfundisha mtoto rangi. Kwenye video anaiona ile sekunde ambayo mtoto alimwita bila sauti. Baada ya vikao 12 wazazi waliofuata njia hiyo waliwajibu watoto kwa kuwafuata zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Si kila kipimo kilipanda, na watoto 65 si wengi. Lakini kilichothibitika ni kikubwa: ustadi uliodhaniwa ni wa wataalamu waliosoma miaka mingi unaweza kupita mkononi mwa mhudumu wa kawaida na kufika nyumbani.

Lawama yangu ni kwamba mafunzo mengi ya aina hii yanaishia kizingitini. Mama anafundishwa kwa wiki kadhaa, anarudi na mbinu zake, kisha anafungua mlango na kutoka kwenda kwenye mtaa usiofundishwa lolote. Huko nje kuna mlinzi wa lango, mwalimu, muuguzi, dereva, polisi, kiongozi wa ibada. Tunasema mkono mmoja haulei mwana, kisha tunaufundisha mkono huohuo mmoja mwaka baada ya mwaka, na ukichoka tunashangaa.

Gharama ya kutowafundisha wengine inahesabika kwa maisha ya watu. Novemba 2016 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, Oliver McGowan, mwenye usonji na ulemavu mdogo wa akili, alifariki baada ya kupewa hospitalini dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wamesema wazi asipewe. Hofu yake ilisomwa kama ugonjwa wa akili. Mama yake hakunyamaza. Tangu Julai 2022 sheria ya England inawataka watoa huduma za afya na ustawi wa jamii wahakikishe wafanyakazi wao wamefundishwa kuhusu usonji na ulemavu wa kujifunza, na mafunzo rasmi yanayobeba jina la Oliver yanafundishwa pamoja na watu wenye hali hizo wenyewe. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Julai, huko North Miami, Marekani, mhudumu aliyekuwa amelala chali barabarani mikono juu alipigwa risasi ya mguu na polisi. Kando yake alikuwa ameketi kijana mwenye usonji aliyekuwa anamhudumia, ameshika gari la kuchezea ambalo mtu alikuwa ameripoti kuwa ni bunduki. Mhudumu alikuwa akipaza sauti kueleza kwamba ni toi. Alipona.

Halafu kuna maji, jambo ambalo laiti kila jirani angelijua hata kama hatajua lingine. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, karibu nusu ya familia zenye mtoto mwenye usonji zilisema mtoto amewahi kuondoka au kujaribu kuondoka peke yake baada ya kufikisha miaka minne. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wa mwaka 2017, uliochambua kumbukumbu za vifo, ulikadiria kwamba hatari ya watoto hao kufa maji ni mara 160 ya watoto wengine. Wengi wao huvutwa na maji, na wakiitwa jina huenda wasiitike. Kwa hiyo mtoto kama huyo akipotea, watafutaji waanze kwenye maji: kisima, bwawa, mto, mtaro, hata pipa. Kawaida watu huanza kuulizana na kuita jina barabarani, na dakika zinakwisha. Nusu saa ya kuwakusanya majirani kumi, kuwaonyesha mtoto, kuwaambia anapenda kwenda wapi na maji yaliyo karibu yako wapi, ni mafunzo kamili.

Nani afundishe? Hapa sina kigugumizi. Mafunzo yoyote kuhusu usonji ambayo hayana mtu mwenye usonji mbele ya darasa, anayelipwa kama wawezeshaji wengine, yana kasoro. Na asiwe yule tu anayeongea vizuri jukwaani. Awepo anayewasiliana kwa ubao wa picha, ili washiriki wajifunze kusubiri kidole chake kifike kwenye picha bila kumkamatia mkono. Nasisitiza hilo la mkono, maana kuna mbinu iliyovuma kuanzia miaka ya 1990 ambapo msaidizi alimshika mtu mkono ili "aandike" mawazo yake. Majaribio yalionyesha kwamba mwandishi alikuwa msaidizi. Mafunzo mazuri yanawapa watu pia kinga dhidi ya wauza tiba. Usonji hauletwi na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2010 na jarida lilelile lililoichapisha. Hauponywi kwa kumnywesha mtoto kemikali za kupaushia nguo. Wala hauletwi na mama asiyependa mwanawe, uongo uliowabebesha kina mama hatia kwa miongo kadhaa.

Wapo wanaohofia kwamba serikali zikisikia jirani anaweza kufundishwa zitaacha kuajiri wataalamu wa tiba ya usemi na walimu wa elimu maalumu. Hofu hiyo ni ya haki, nami ninayo. Mhudumu wa jamii anayefundisha bila mtaalamu wa kumrejea akikwama anaachwa peke yake kama mzazi alivyoachwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazitaka nchi ziielimishe jamii nzima, kwenye kifungu cha 8, na zitoe huduma za marekebisho na utengamao, yaani za kumwezesha mtu kujitegemea, kwenye kifungu cha 26. Vifungu vyote viwili viko kwenye mkataba mmoja. Nchi haiwezi kulipia kimoja kwa kukinyang'anya kingine.

Narudi shambani Mississippi, kwa jambo moja ambalo Kanner alilinukuu na ambalo nalifikiria kila ninapoalikwa kwenye vikao vya mada hii. Donald alikuwa na tabia ya kuokota ndege na wanyama wadogo waliokufa. Nyumba nyingi zingemzuia, na zingekuwa na sababu. Wenyeji wake walimkatia kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, wakamwambia asimamishe alama juu ya kila kaburi. Akawa anazika na kuandika. Kila mnyama alipewa jina la kwanza, kisha aina yake, kisha jina la ukoo. Ukoo aliouandika ulikuwa wa wale wakulima wawili.